Ulipomlaza Mwende Kifuani Pako

Mama Achieng, jirani yangu mpendwa,

Tangu tukuzike kwenu Siaya, sijapita tena kwenye mlango wako kule mtaani kwetu Kisumu Ndogo. Lakini leo lazima niongee na wewe.

Januari ile ya 2008, wakati wa fujo za baada ya kura, uchungu ulinishika mimba ikiwa ya miezi saba. Baba Mwende alikuwa amekwama Kitui, barabara zimefungwa. Vijana waliofunga njia walipouliza kabila langu, uliwajibu kwa Kijaluo, ukanishika mkono tukapita. Hadi leo sijui uliwaambia nini.

Hospitalini Mwende alizaliwa mdogo sana, nepi ikamfunika mpaka kifuani. Mashine za joto zilikuwa zimejaa. Sista, nesi wa zamu, alisema mtoto alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini mimi nilikuwa nimepoteza damu nyingi, hata kuketi siwezi. Ukasema utamshika wewe.

"Hapa anaruhusiwa mama mzazi peke yake," akasema sista.

"Mama mzazi huyu hapa, hawezi. Na mtoto anapoa. Tufanyeje, sista?"

Aliangalia mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nawa mikono. Vua blauzi."

Ulikaa naye hivyo mpaka nilipopata nguvu ya kumpokea. Mama wa kitanda cha pili alikuuliza mbona unahangaikia mtoto wa Mkamba na watu wenu wanauawa.

"Amelala," ulimjibu. "Ongea polepole."

Sasa nimehamia mtaa wa Gatina. Kesho maofisa wa kaunti wanakuja hapa kanisani kuchukua maoni ya wananchi kuhusu huduma za watoto wachanga, na mimi nitasimama. Nitasema mama aruhusiwe kukaa na mtoto wake wodini, na akishindwa, achague mtu wa kumshika mtoto. Iandikwe kwenye sera, hospitali zote zifuate. Yule sista aliangalia mlango kwanza ndipo akakuruhusu, Mama Achieng. Hakuna nesi anayefaa kuogopa kufukuzwa kazi kwa sababu ameokoa mtoto.

Sina wasiwasi na wakubwa hao. Mwende ataketi kando yangu, siku hizi amenipita urefu.

Pumzika, dada yangu. Wakiniuliza ni mtu wa aina gani aruhusiwe kuingia wodini, nitakutaja wewe kwa jina.

Jirani yako,
Mama Mwende