Kicheko Nyuma ya Pazia

S.L.P. 371,
Kisumu.
Jumapili, 23 Novemba 1969

Mpendwa kaka Wasike,

Pokea salamu zangu nyingi, za shemeji yako Enos na za watoto. Hujambo huko Morogoro? Kile kifua kimepona, au bado mvua ikinyesha unakohoa? Na wanafunzi wako, wanakusikiliza? Sisi tuko hai, namshukuru Mungu. Siandiki kwamba hatujambo, maana ningekudanganya.

Nyumbani Bungoma ni wazima. Mama amevuna mahindi mazuri na goti lake limepata nafuu. Usiwe na wasiwasi juu yake.

Uliniuliza ni hadithi ipi imenifurahisha zaidi katika kile kitabu cha hadithi za kuchekesha ulichonitumia, ili uwasomee wanafunzi. Ile ya kinyozi aliyemnyoa bwana harusi ndevu upande mmoja kisha akasusa, ilimchekesha Enos mpaka chai ikamtokea puani. Mimi niliipenda ile ya tajiri mchoyo aliyejificha kabatini ili wageni wasimkute, nao wakaketi, wakapika kuku wake, wakaanza kumsengenya huku anasikia kila neno. Niliisoma mara nyingi. Sasa siwezi kuifungua. Ngoja nikueleze kwa nini, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Nimempa Selpha wa kanisani kwetu, anayekuja huko kumwona mumewe, kwa sababu siku hizi posta siiamini.

Bila shaka ulisikia redioni yaliyotokea hapa mwezi wa Oktoba. Risasi zililia mjini, watu wakafa, na tangu siku hiyo mji haujatulia. Watu wanajifungia mapema. Ukisikia gari la polisi unavuta watoto ndani. Halafu hasira ikatafuta pa kushukia, ikawashukia majirani zetu Wakikuyu, kwa kuwa ni kabila moja na Rais.

Unamkumbuka Wahu, yule mama kutoka Murang'a anayeuza viazi na maharagwe soko la Kibuye? Ndiye aliyekulisha irio siku ile mpaka ukashindwa kuinuka. Mlango wake unatazamana na wetu. Mumewe Irungu alikuwa amekwenda Nakuru kuleta viazi, njia zikawa mbaya, hakuweza kurudi. Kibanda chao sokoni kilivunjwa.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, Apiyo alinijia mbio bila viatu. Apiyo ndiye mwenye ploti yetu, hizi nyumba tunazopanga, ni Mjaluo, mjane, na amekaa na Wahu kama dada yake wa tumbo moja. Akaniambia, "Mama Nasambu, vijana wanapita nyumba kwa nyumba wanauliza watu wa huko juu. Mchukue Wahu. Kwangu ndiko wataanza, mimi ndiye mwenye ploti."

Enos alikuwa kazini reli. Sitakuficha kaka, nilitaka kukataa. Nilimtazama Nasambu na mdogo wake nikajiuliza, na hawa je? Lakini Wahu alikuwa amekwisha simama mlangoni, leso imemdondoka, midomo imekauka. Nikamvuta ndani. Chumba chetu unakijua, ni pazia tu linalotenga kitanda na meza. Nikampandisha kitandani nyuma ya pazia, akakunja miguu.

Mtoto mdogo akaanza kulia. Nikachukua kitabu chako nikasoma kwa sauti, ili watoto wanyamaze na anayepita nje adhani tumekaa kama kawaida. Kilifunguka penye hadithi ya kabati, kwa kuwa ndipo kilipozoea.

Mlango haukubishwa, ulisukumwa. Waliingia vijana wenye marungu. Aliyeongea alikuwa mmoja mrefu, amevaa koti la mvua.

"Nani anakaa hapa?"

"Mimi na watoto wangu. Baba yao yuko kazini reli."

"Na yule mama Mkikuyu wa mlango ule?"

"Sijamwona tangu asubuhi."

Akakitazama kitabu. "Unasoma nini?"

"Hadithi ya kuchekesha. Watoto wanaogopa."

"Soma basi na sisi tusikie."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananijaribu. Nikasoma. Herufi zilikuwa zinaruka machoni. Nikasoma wageni wanavyotafuna kuku, tajiri kabatini ameng'ata kofia yake asipige kelele, na mgeni mmoja anasema mwenye nyumba hii ni mchoyo hata kivuli chake anakikunja ili mtu asije kupumzika. Kaka, nilikuwa nasoma habari za mtu aliyejificha mbele ya watu wanaomtafuta mtu aliyejificha! Na sikuweza kuruka hata mstari, kwa sababu Nasambu anaijua hadithi yote kwa moyo, angenisahihisha pale pale.

Yule mrefu akaanza kutabasamu, kisha akacheka. Wenzake wakacheka. Tajiri aliposhikwa na kwikwi, na wageni wakarusha viatu kabatini wakidhani ni panya, chumba kizima kilivunjika kwa kicheko.

Na nyuma ya pazia, Wahu akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, kama cha mtu aliyepaliwa, kisha kikakatika. Wale wengine walikuwa bado wanacheka, sidhani kama walisikia. Yule mrefu alisikia. Uso wake ukatulia. Akalitazama pazia, nalo lilikuwa linatikisika kidogo pale chini. Nasambu akanikamata gauni. Nilitaka kuendelea kusoma, nikapoteza mstari. Nilisali, lakini nilisema nini sikumbuki.

Yule kijana akaweka rungu begani. "Wadhi," akawaambia wenzake kwa Kijaluo, yaani twende. Halafu akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, "Hapa ni watoto tu."

Wakatoka. Nikakaa sakafuni.

Enos alipopewa habari, hakunigombeza. Stesheni ilikuwa inaangaliwa, kwa hiyo akaongea na dereva wa lori la miwa aliyekuwa anarudi Muhoroni, Wahu apandie treni huko. Wakati wa kuagana Wahu alinishika mikono. "Nisamehe, Mama Nasambu. Ningewaua wote. Sijui kilinitokaje. Nafikiri kwa kitambo kile nilisahau kuogopa." Nikamwambia mimi sikusahau hata kidogo. Tukalia.

Baadaye dereva alituletea habari kwamba Wahu amefika Nakuru, yuko na Irungu, na mwisho wa mwezi huu anataka kuja kuchukua vitu vyake. Nilifurahi sana. Nikamfagilia chumba.

Alhamisi iliyopita nilikuwa Kibuye nikinunua omena, dagaa wa ziwani. Mtu akasimama karibu yangu, anachagua nyanya. Ni yeye, yule mrefu, hana koti wala rungu, ameshika kikapu kama mtu yeyote.

"Mama," akasema polepole bila kunitazama, "yule wa kabatini alitokaje?"

Sikujua kama ni mtego. Nikamjibu kama ilivyo kitabuni, kwamba wageni walishiba wakasinzia, naye akanyata akaenda kulala kwa jirani. Hakucheka. Akalipia nyanya zake.

"Mwambie aliyecheka asirudi sasa," akasema. "Bado."

Akapotea katikati ya watu. Hata jina lake silijui.

Nimempa dereva wa lori ujumbe aufikishe Nakuru kwa treni, lakini sijui kama utamwahi Wahu kabla hajapanda gari. Kila gari likisimama nje ninachungulia. Fikiria, kaka, mtu ninayempenda hivyo, nami ninaomba nisimwone.

Wewe wasomee wanafunzi ile ya kabati. Ni nzuri, watacheka. Haya yangu usiwaambie.

Msalimie sana wifi Rosa, na shangazi Seline ukimwona. Apiyo naye anakusalimu. Enos anasema usije Krismasi hii. Mimi nakuombea Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na utuombee sisi, hasa mwisho wa mwezi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kila siku,

Agneta Nakhungu