Wasichana wa Nyuma ya Reli Husomea Saluni

Mama Endang mpendwa, naomba unijibu redioni kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kujiandikisha, maana hata usingizi sipati. Nina miaka kumi na mitano, naishi hapa Surabaya, nyuma ya reli, na huku kwetu msichana akimaliza shule ya kati anakwenda chuo cha ufundi kusomea saluni, dada zangu walikwenda, mama mwenyewe alikwenda, na mwalimu Hendro hakutuuliza hata, alisema watoto wa mtaa wetu wana mikono myepesi, akatuandika sote saluni, lakini mimi nataka sekondari ya sayansi iliyo ng'ambo ya reli, nataka kuwa mfamasia na alama zangu zinatosha, nikamwambia rafiki yangu Wulan, ambaye ndiye aliyenifundisha hesabu mpaka nikazielewa, akanyamaza, kisha mbele ya wenzetu akasema, "Haya, daktari, ukishavuka reli usirudi kunisalimia," wakacheka wote, na tangu siku hiyo hakuna anayenipitia asubuhi. Mama naye anasema, "Mwanangu, hapa hata ukianguka, unaangukia kwa watu. Huko nani atakuinua?" Naogopa kwenda, naogopa kubaki. Nifanye nini?

Wa Nyuma ya Reli

Mwanangu, pole. Kutengwa na uliokua nao kunauma. Lakini acha nikugombeze: mwalimu hakukuuliza, nawe ulimwambia? Au ulingoja aote? Kesho mwende kwake wewe na mama yako, useme wazi unataka sayansi. Akikujibu kwamba watoto wa mtaa wenu hawaendi huko, mwambie kwa adabu kuwa hawajawahi kupelekwa. Akikataa, mwone mwalimu mkuu siku hiyo hiyo.

Mama yako anakuogopea tu. Saluni imewalisha, usiidharau mbele yake. Mwombe akusindikize hadi kwenye hiyo shule, aione kwa macho yake.

Sasa Wulan. Msichana aliyekufundisha hesabu amepangiwa saluni, na barua nzima hukusema kama uliwahi kumuuliza yeye anataka nini. Hukuona hilo? Katika kejeli yake mimi nasikia kilio. Nenda kwao leo, kabla hujalala. Akikufukuza, muulize ukiwa hapo hapo mlangoni. Akisema saluni ndiyo aipendayo, mwache, ni haki yake. Akinyamaza tena, mshike mkono, kesho mwende wote kwa mwalimu.

Na asipotaka, jiandikishe peke yako, hata kama utalia njia nzima.