Mafuta Kwenye Bastola ya Baba Mkwe

Bi. Verna mpendwa,

Nakuandikia kukuomba ushauri nikiwa na hofu, na ninaomba unijibu kabla ya mkutano wa klabu yetu Alhamisi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo kuna mzee atakayevuliwa heshima yake, na nadhani kosa ni langu, ingawa sina hakika, na kutokuwa na hakika ndiko kunakoninyima usingizi.

Mimi ni karani katika ofisi ya kaunti, huku kaskazini mwa Minnesota, na tangu nimchumbie Marlys nimekuwa nikiandamana na baba yake, mzee Reino Haapala, kwenye klabu ya kulenga shabaha kila Jumanne ya majira ya baridi. Mzee ana bastola ya risasi ndogo, zile za kipimo cha ishirini na mbili, ambayo ameitumia tangu Marlys hajazaliwa, na mwiko wake ni mmoja tu, kwamba haisafishwi. "Ina nta yake ndani ya mtutu, ile inayoachwa na risasi," huniambia. "Ukiitoa nta, umeitoa akili." Lakini mimi nimezoea kufuata maagizo, Bi. Verna, na nilipokisoma kijitabu cha watengenezaji, kisha nikayaona masizi yaliyoganda mle ndani, niliogopa siku moja itamlipukia mkononi. Basi Jumapili moja mzee akiwa kwenye sauna, kile chumba chake cha mvuke, nilihakikisha haina risasi, nikaifungua, nikaisugua kila mahali na kuitia mafuta, na kwa kuogopa yasije yakawa machache nikaongeza, hata kwenye njia inamopita pini ya kugonga risasi. Marlys alinikuta, akacheka. "Unaisafisha au unaikaanga? Baba akijua, harusi utaifunga peke yako." Nikamwomba anyamaze, akanyamaza.

Jumanne iliyofuata baridi ilikuwa ya kukata masikio, bastola ilishinda ndani ya gari, na jiko la kuni la banda letu la kulengea lilikuwa ndiyo kwanza limewashwa. Mzee akafyatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikasema tik tu, haikulia. Akatulia, mtutu ukiwa bado unaelekea kwenye shabaha, akanyanyua mkono wa kushoto kama sheria inavyotaka risasi ikikataa, akaruhusiwa kurudia, na ikasema tik tena. Wenzake wakaanza: "Reino, unaomba ruhusa ya kwenda chooni?" Mzee, ambaye kwa majigambo yake hajawahi kunyanyua mkono ule, akawa mwekundu shingo nzima, akaiweka bastola mezani na kumgeukia Orville Stenberg.

Huyu Orville ndiye anayetuchagulia risasi. Kila vuli huzijaribu za kila aina katika bastola ya kila mwanachama, na klabu nzima hununua alizozisema yeye. Tangu mkewe afariki, sijui kama ana jambo jingine linalomtoa nyumbani. Yeye na mzee ni marafiki tangu ujana. "Mwaka huu umetuletea takataka," mzee akamwambia mbele ya wote. "Umezeeka, bwana. Waachie wenye macho."

Orville aliichukua risasi moja iliyokataa, akaitazama kitako chini ya taa, akaipitisha puani, akanitazama mimi, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Haya, Reino," akasema, basi.

Tangu siku hiyo hajala tena nasi pai za nyama baada ya mashindano, anakula peke yake ndani ya gari lake injini ikinguruma, na mzee amepeleka hoja mkutanoni kwamba aondolewe kazi hiyo. Wengine wanasema kwao risasi hizo zinalia vizuri, lakini mzee anawajibu kwamba kila bastola ina tumbo lake, na hilo ni kweli. Nikisema, nitakuwa mtu wa hila ndani ya nyumba yao, na pengine nimpoteze Marlys. Nikinyamaza, Orville ataondolewa. Na je, kama si mafuta, nitakuwa nimejichongea bure? Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu

*

Kijana wangu,

Vuta pumzi kwanza. Hukuiba, na nia yako ilikuwa kumlinda mzee. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Niliwahi kushindana na bastola za aina hiyo kabla mikono yangu haijaanza kutetemeka, kwa hiyo naanza na chuma. Risasi hizo hugongwa ukingoni mwa kitako, na zikigongwa kivivu hazilii. Mafuta yakipata baridi huwa kama asali, na pini badala ya kugonga inaogelea. Kijitabu kilikuambia tone, wewe ukamimina. Baba mkwe wako naye ana nusu ya ukweli: mtutu wa bastola hizo hauhitaji kusuguliwa kila mara. Lakini pale risasi inapokaa, na kile chuma kinachoisukuma, panataka kufutwa masizi. Njia ya pini iwe kavu kabisa. Tone moja pale chuma kinapoteleza, basi.

Unaniuliza kama si mafuta. Isome tena barua yako! Risasi iliyogongwa sawasawa ikakataa huwa na alama iliyozama. Iliyogongwa kivivu ina kikwaruzo tu. Orville alikitazama kitako. Kisha akainusa, na mafuta yana harufu. Kisha akakutazama wewe, si Reino. Angeweza kusema palepale ukaumbuka mbele ya baba mkwe na banda zima, lakini alisema "Haya, Reino." Sikuwepo, siwezi kuapa. Ila naona mzee anayekula pai yake garini anaila kwa ajili yako.

Usingoje Alhamisi. Nenda kwa Reino jioni hii, wewe mwenyewe, usimtume Marlys. Mwambie: "Baba, niliisafisha bastola yako bila ruhusa, na mafuta nikayazidisha." Atafoka. Mwache afoke, na kijitabu kiache nyumbani. Akichoka, mwombe mhakikishe haina risasi, muifungue pamoja, muikaushe, kisha aijaribu bandani kwa risasi zilezile za Orville. Ikilia, hoja yake ya Alhamisi ataiondoa mwenyewe. Namjua mtu wa aina yake, ana kelele lakini si mdhalimu.

Kisha nendeni kwa Orville, wote wawili. Najua huko kwenu hakuna anayeingia nyumba ya mtu bila kuzungumzia theluji kwanza. Safari hii theluji iacheni nje. Nyosha mkono wako, umwombe ile risasi iliyo mfukoni mwake. Ni yako, na amekubebea vya kutosha.

Verna