Noti Saba za Jikoni

Jumapili, 9 Juni

Leo mwanangu kaniaibisha saluni. Mteja wangu alikuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado, analalamika kwamba maisha yamepanda. Bosi ana miaka sita, na jina hilo kajipatia mwenyewe kwa matendo. Akaacha mchezo wake akamuuliza: kwani simu yako ni mbovu? Ya mama ukibonyeza hela zinatoka.

Saluni nzima ilicheka. Mimi nilicheka mdomo tu.

Maana mtoto hajakosea. Lini kaniona nahesabu noti? Ananiona nabonyeza, muuza duka anasema asante, tunaondoka na mfuko. Dada yake ana miaka minane. Tunamwita Hakimu kwa sababu kila ugomvi wa nyumba hii lazima auamue yeye, hata wa baba na mama. Naye nikisema sina hela, hujibu: si ukatoe?

Basi jioni nimepita kwa wakala, nimetoa matumizi ya wiki nzima. Noti saba. Nimezipanga mezani mbele yao. Nikawaambia: mchele, unga na mafuta vimo ndani. Vingine vyote — mboga, mayai, maziwa, matunda — mtanunua nyinyi. Mimi ni mpishi na mbeba mizigo. Kitakachobaki Jumapili ijayo ni chenu.

Baba yao ni fundi umeme, mtu wa kurudi nyumbani na njaa ya siku mbili. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika.

Nikasema ninao. Sinao.

Jumatatu, 10 Juni

Noti tatu zimekwenda. Siku moja!

Hakimu hutoka shule saa tisa, mdogo wake hutoka mapema, kwa hiyo nilienda dukani na Bosi peke yake. Kosa langu. Soseji. Soda ile chupa kubwa. Biskuti pakiti tatu. Tulipotoka akawakuta wenzake wa mpira pale kona, akakaa juu ya ukuta akagawa biskuti. Zilipoisha akarudi dukani kuongeza. Muuza duka alinitazama kama mtu anayetazama gari linarudi nyuma bila dereva.

Hakimu aliporudi alihesabu noti mara mbili. Akamuuliza mdogo wake: kesho tutakula nini? Bosi akajibu, tena kwa fahari, kwamba kona nzima sasa ni rafiki zake.

Jumanne, 11 Juni

Hakimu kashika madaraka. Noti nne zimo kwenye soksi, soksi imo kwenye begi la shule, begi analala nalo. Amenunua kabichi moja, kubwa kama kichwa cha baba yake. Wali na kabichi. Chenji kamili.

Nimeanza kujipongeza.

Jumatano, 12 Juni

Kabichi tena. Asubuhi uji mkavu, bila maziwa. Hakimu hajatumia hata senti leo. Baba yao kaulizia mayai, kwa upole. Kajibiwa kwamba mayai yatafikiriwa.

Nimegundua sababu. Kuna saa ya mkononi pale kwenye duka la vifaa vya shule, inawaka taa ukiibonyeza. Anataka kitakachobaki kitoshe saa.

Jioni Bosi alimkumbatia baba yake mlangoni, akanusa shati, akatangaza: baba ananuka nyama ya kukaanga. Kesi ikasikilizwa palepale mezani. Ulikula wapi, lini, kwa hela ya nani? Mshtakiwa alikiri kila kitu. Adhabu: kuosha vyombo siku tatu. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Alhamisi, 13 Juni

Leo sikucheka.

Mayai yalifikiriwa. Yakanunuliwa mawili. Watu wanne. Nikayakaanga na vitunguu, nikakata vipande vinne sawasawa. Bosi alimaliza chake kwa matonge mawili, akabaki anatazama sahani. Dada yake akamsogezea cha kwake.

"Kula. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Najua kwa sababu sauti ile ni yangu. Hata namna alivyogeuza uso dirishani, kana kwamba kuna kitu cha kutazama huko nje.

Nilimfuata jikoni. Nikamuuliza kwa nini amesema uongo.

"Si ndivyo unavyofanya wewe mwisho wa mwezi?" akasema. Hakuwa na ujeuri wowote. "Unasema umeshiba, halafu unakula ukoko huku jikoni umesimama."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Niliuweka chini. Nikauchukua tena. Miaka yote hii nilidhani mlango wa jikoni ukifungwa umefungwa.

Nikakaa kwenye kigoda tukawa macho kwa macho. Nikamwambia mama alikosea. Chakula kikiwa kidogo tunasema ni kidogo, tunagawana, kila mtu ajue. Kulidanganya tumbo si kubana matumizi.

"Hata baba ajue?"

"Hata baba."

"Na wewe usiseme umeshiba?"

Niliufuta mwiko kwa kanga kwanza. "Na mimi."

Akafikiri. Kisha akauliza kuhusu saa. Nikasema hela mnashika nyinyi, saa ni juu yako. Ila jiulize nani anailipia.

Akahesabu kwa vidole. "Bosi," akasema. "Na baba. Na wewe. Na mimi." Akatazama vidole vinne. "Watu wote, saa moja."



Ijumaa, 14 Juni

Kikao cha watoto wawili, mlango umefungwa. Wametoka na orodha iliyoandikwa kwa penseli. "Maziwa" ina z mbili.

Sokoni nilibeba kikapu tu. Hakimu akasimama mbele ya muuza nyanya na kuuliza, kwa adabu zote: shikamoo, hizi zilizobonyea kesho utamuuzia nani? Yule mama akacheka, akashusha bei, akatupia na kitunguu. Maharage ya siku mbili. Mayai manane. Maziwa. Bosi akaona soda. Dada yake hakumkataza! Alimwambia tu: hela hiyo ni soda moja au ndizi kumi na mbili, chagua. Bosi alifikiri kutoka meza ya vitunguu hadi meza ya samaki. Akachukua ndizi. Pale kona alimpa rafiki yake mmoja. Moja tu. Kajifunza au kachoka, sijui.

Usiku tumekula tukashiba kweli. Baba yao kaosha vyombo anapiga mluzi.

Imebaki noti moja. Hakimu kaiita ya dharura. Haiguswi bila kikao.

Jumamosi, 15 Juni

Mama mkwe kafika saa nne asubuhi. Hakuna simu, hakuna taarifa. Begi kubwa — siku tatu hizo, au nne. Huyu ndiye mwanamke aliyefunua sufuria zangu zote, moja baada ya nyingine, wiki niliyoolewa, na hakusema kitu. Baba yao yuko kazini.

Nikawahi simu niagize kuku. Hakimu alikuwa amesimama mlango wa jikoni.

"Mama, bado ni wiki yetu."

Nimeweka simu chini. Nimekuja chumbani kutafuta shuka la mgeni. Shuka ninalo magotini, daftari liko juu yake. Sitoki kwanza.

Nawasikia. Bibi kamwita Bosi "mume wangu", kama kawaida yake, anamuuliza: mmenipikia nini? Anayejibu ni Hakimu. Maharage yapo, bibi, ila yalipangwa ya watu wanne, tutapunguza kila mtu vijiko viwili. Mayai yamebaki matatu. Kuna noti moja, lakini lazima tukae kikao. Tungejua unakuja tungepanga.

Uso wangu unawaka moto. Mkono unataka kwenda kwenye kitasa. Nimeukalia.

Maji yanachemka jikoni. Sasa Bosi, kwa sauti yake ya ofisini:

"Bibi, sukari iliyobaki ni ya kikombe kimoja. Unataka chai sasa, au nikuwekee ya kesho asubuhi? Fikiria kwanza, usikimbilie."