Kona Niliyoijaza Mimi

Nyumbani,
Mtaa wa nyuma ya gereji,
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

U mzima? Na shemeji, kifua kimeacha kumsumbua? Sisi huku tunapumua, siwezi kusema zaidi. Mama anakula kwa kubembelezwa.

Asante kwa kulia nasi kwenye simu siku ya kumzika Baba. Kuna jambo sikukuambia siku ile.

Unaujua udongo wetu mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unapita. Baba alichoka kuziba nyufa, akaanza kuokota chupa za plastiki. Alizikata vipande vyembamba kwa mkasi wa kushonea wa Mama (Mama alinuna wiki nzima!), akavichanganya na udongo, akaushindilia kwenye makopo, akayalowesha na kuyakausha aone kama utapasuka. Majirani wakambandika jina, Profesa Chupa. Naye akapata kipimo chake: konzi moja ya plastiki kwa karai la udongo. Ukizidisha, udongo haushikani.

Kwa kipimo hicho akajaza msingi wa chumba kipya cha Mama. Ilibaki kona moja tu, mgongo ukamlaza. Akaniambia, "Konzi moja, mwanangu. Usinizidishie."

Dada, nilikuwa nawahi mpira. Gunia lilikuwa na plastiki nusu, nikajiambia ikiwa nyingi ndiyo nguvu. Nikaimwaga yote, nikashindilia juu juu, nikamwambia tayari, na ukuta ukapandishwa.

Mvua za kwanza tu kona ikatitia, ukuta ukapasuka toka chini hadi dirishani. Watu walikuja kucheka, wengine na watoto wao. Baba aliupapasa ule ufa, kisha akatupa makopo yake yote. Fundi mwashi wa miaka arobaini kazini, hakushika mwiko tena. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Mwoga mkubwa mimi!

Juzi nilichimba zile kona tatu alizojaza mwenyewe. Ngumu, Dada, sururu inadunda. Alikuwa sahihi, na sina tena wa kumwambia.

Siku alipozidiwa nilikaa kando ya kitanda, nimejikaza niseme. Akanitangulia. "Nisamehe, mwanangu. Nimekutia aibu mtaani kwa ujinga wangu wa chupa."

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe, Baba."

Mama nitamwambia Jumapili. Msalimie shemeji, uwabusu wapwa zangu, na Mungu awalinde huko mliko. Ukiwasimulia habari za babu yao, waambie alikipata kipimo.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia