Tanuri la Kijiji na Salamu Maria ya Baba

Saint-Orsin-la-Combe,
18 Julai 2010.

Mpendwa mdogo wangu Gaspard,

Hujambo huko Montréal? Solange na watoto ni wazima? Mgongo wako je, umetulia, au bado unabeba masanduku kama kijana? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kiburi. Mvua imeadimika, na mbuzi wa jirani yetu Anselme wamekula kabichi zangu zote.

Sasa nikuambie linalonikosesha raha. Baraza linataka kubomoa tanuri la kijiji, pawe mahali pa kuegesha magari. Nikasimama kikaoni nikasema tanuri ni zima, ni sisi tuliolala. Meya akanijibu, "Basi, Bi Léonie, oka mkate humo siku ya sikukuu ya Bikira Maria. Likitoa mkate wa kulika, tutaliacha." Nikakubali mbele za watu. Ndio mdomo wangu huu.

Juzi nikajaribu. Nikachoma kuni tangu alfajiri, nikafagia makaa, nikatupa unga kiganja kimoja ndani, nikaanza Salamu Maria. Unakijua kipimo cha baba: sala ikiisha unga uwe wa kahawia, ndipo mkate uingie. Ukiungua kabla, joto limezidi, ungoje. Unga ukawa mweusi sijafika hata "utuombee". Nikangoja, nikasali tena, ukaungua tena. Nikazidi kungoja mpaka ukaiva sawasawa na "Amina". Mikate kumi na minane ikatoka myeupe, ndani uji mtupu.

Anselme alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe unasali kama mama yako, kila neno na pumzi yake," akasema. "Baba yako alisali kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Tanuri umeliachia likapoa, dada."

Ni kweli, Gaspard. Siku tatu nimekaa jikoni nikiukimbiza ulimi, siwezi. Na kibaya zaidi, nikiitafuta sauti ya baba siipati. Uso wake ninao, mikono yake ninayo, sauti imenitoka. Nimelia, sikufichi.

Wewe ulisimama naye mbele ya tanuri lile tangu una miaka sita, mkisali pamoja kwa kilugha chetu, mbio zile zile, mimi na mama tukiwacheka. Najua kanisa uliliacha zamani, nami sikuulizi kwa nini, wala sikuombi uamini chochote.

Anselme anakusalimu sana, na shangazi Berthe pia, ingawa anasema huandiki. Nibusie Solange na watoto. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Jumapili ya tarehe 15 Agosti, siku yenyewe ya sikukuu, saa nne asubuhi, nitakupigia simu nikiwa mbele ya tanuri. Kwenu itakuwa saa kumi alfajiri, nisamehe. Nikitupa unga nitasema "haya", nawe uanze Salamu Maria, kwa mwendo wa baba. Simu nitaifungulia sauti yote, nimsikie na mimi.

Dada yako akupendaye tangu ukiwa kwenye nepi,
Léonie