Rimu Ulizotuma Kutoka Maskati

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
Alhamisi, 24 Aprili 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mikdad,

Assalaam alaykum. Na marahaba, maana najua hata ukiwa umenuna huwezi kukaa bila kuniamkia. U hali gani huko jangwani? Mgongo umepoa au bado unalala sakafuni? Wanawapa chakula cha kuliwa, au ndio wali mkavu kila siku? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua na mvua hizi, lakini sauti ipo pale pale; akimwita mtu jikoni, msikitini wanasikia.

Siku ile kabla hujaingia kambini uliniambia nisikupigie simu mpaka rimu zako ziwe kwenye gari. Basi sijakupigia, na huko ulipo hata ningetaka simu isingeshika. Ndiyo maana nakuandikia. Bi Zeyana anasafiri kesho kwenda Maskati, atampa barua hii mumewe Mahfoudh, naye ataituma kwa lile gari la vyakula linaloingia kambini kwenu. Simu ungenikatia. Barua utaisoma yote, na tafadhali usiruke ukaenda chini, nakujua wewe. Uligombana nami kwa ajili ya matairi, kwa hiyo leo tutaanza na matairi.

Rimu zilifika salama, zote za inchi kumi na saba, hata mkwaruzo hazina. Ni nzuri, sikatai. Na najua kwa nini ulizinunua. Mwaka juzi nilikuwa ndani ya gari lile, kichwa cha mkeo Najma kiko mapajani mwangu, uchungu umemshika, pale lilipokaa juu ya tuta njiani kutoka kwao Kiwangwa. Malori ya mananasi yalikuwa yameichimba njia pande zote mbili, katikati pamebaki tuta, na tumbo la gari likakaa juu yake, magurudumu yanazunguka bure. Tulishuka wote, tukasukuma kwenye tope, mpaka tukapata pikipiki ya kumchukua, na tulipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kwenda kwa Mola wake. Wewe ulisikia kwa simu tu. Ningekuwa wewe, ningetuma rimu kubwa kama za lori.

Farhan, huyu mdogo wetu ambaye ukimpa ufunguo wa gari anasahau kula, alizifunga siku ile ile. Kwanza alitia matairi membamba, ya kisasa, na Karina yako kuukuu ikapendeza mpaka watu wakasimama barabarani. Lakini nilipoinama nikaangalia chini, tumbo lilikuwa pale pale. Chuma kimekuwa kikubwa, mpira umepungua, gari halijapanda hata kidogo. Fundi Sufiani alipima akakubali. Basi wakatia matairi manene, gari likanyanyuka kweli, wakazunguka nalo mjini yeye na Farhan, na ndiyo hiyo video uliyotumiwa ukafurahi.

Mikdad, tangu lini gari la kwetu likaenda na watu wawili?

Nikawaambia walipakie kwanza. Siku hiyo nyumbani palikuwa na hitima, wanawake wamejaa uani. Nikamchukua Batuli jirani yetu, mwili wake unaujua, na wenzake wawili. Wakabanana nyuma, mimi mbele, gunia la mchele kwenye buti. Walikuwa wakicheka na kuimba mpaka tulipofika kona ya sokoni. Farhan alipokata usukani tukasikia mkwaruzo mkubwa, kisha harufu ya mpira unaoungua.

"Jamani, hili gari linajitafuna!" Batuli akapiga kelele.

Tuliposhuka tukaona tairi la nyuma limesagwa na madigadi, ubavu wake umechanika mstari mzima. Hiyo ni kona ya sokoni, kwenye lami, mwendo wa harusi. Sikutaka kufikiri ingekuwaje kule kwenye mashimo.

Jioni hiyo ndipo uliponipigia, Farhan akiwa amekutangulizia maneno yake, kwamba nataka rimu zako zitolewe. Ulisema nakudharau kwa kuwa sasa uko mbali, na kwamba gari ni lako na mke ni wako. Hukuniuliza tuliona nini. Uliniumiza sana, Mikdad, na nakwambia wazi ili lisibaki moyoni. Ukakata simu, kesho yake ukaingia jangwani.

Nikaenda kwa Sufiani nikamwambia azitoe. Farhan akasimama mbele ya gurudumu, spana ameishika mkononi.

"Braza kasema kumi na saba, ni kumi na saba. Gari lake, dada."

Nikamwuliza, Najma akiwa ndani, na mama yake, na Batuli, na mimi, halafu tairi lipasuke pale kwenye tuta, utamshusha nani? Akampa Sufiani spana yeye mwenyewe, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara ili asione.

Sufiani alileta rimu za kumi na tano kutoka Dar, saizi moja tu juu ya zile za zamani, na matairi yenye mpira wa kutosha ubavuni. Akabadilisha na springi za nyuma, zile za zamani zilikuwa zimechoka kabisa. Gari limepanda kama unene wa kidole gumba. Ni kidogo, najua, na hakuna mtu atakayesimama barabarani kuliangalia. Nikawakusanya tena wale wale wanawake, na gunia lile lile, tukapita kona ile ile. Batuli alitoa kichwa nje ya dirisha njia nzima kusikiliza. Halikugusa.

Sasa hapo ndipo penye shida. Nilitaka Najma aje akae kwetu mapema, karibu na hospitali. Mama yake, Bi Mize, akakataa katakata. Kizazi cha kwanza mtu huzalia kwao, ndivyo alivyosema, na yule wa mwaka juzi hatukujaliwa kumlea, kwa hiyo kwake huyu ndiye wa kwanza. Sikuweza kubishana na mama mwenye uchungu huo. Tukakubaliana nikamchukue wiki hii, siku zikikaribia.

Hazikusubiri. Jumamosi alfajiri Bi Mize akapiga simu, sauti yake haieleweki, nyuma yake namsikia Najma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa. Tukaondoka mimi, Farhan na Batuli, tukapita Fukayosi. Njia ya mashambani ilikuwa uji mtupu. Tulipofika tulimkuta Najma amekaa kwenye ngazi ya mlango, kanga imemlowa, na swali la kwanza aliloniuliza ni kama gari limefungwa rimu zako. Nikamwambia limefungwa rimu. Mungu anisamehe, sikumwambia zipi.

Tukampakia, yeye na mama yake. Sasa tuko watano, na shemeji zako wakatupa kikapu cha mananasi kwenye buti, maana hata siku kama ile watu wa Kiwangwa hawawezi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Nilikaribia kuwatukana.

Tulipolifikia lile tuta nilimshika Najma mkono, naye akanishika mpaka kucha zikaingia. Alipajua. Farhan alisimamisha gari kidogo, akasema, "Hashuki mtu," akaingia. Nilisikia udongo unalikwaruza tumbo la gari chini ya miguu yangu. Likakwaruza, likakwaruza, nikasema basi, limekaa tena. Batuli alikuwa anasoma Yasini kwa sauti kubwa, amefumba macho. Bi Mize analia. Magurudumu ya nyuma yakateleza upande mmoja, yakashika, gari likajivuta, tukawa upande wa pili. Sijawahi kumpenda yule mtoto Farhan kama siku ile.

Hospitali wakampokea mlangoni, wakaingia naye, tukafungiwa nje. Tulikaa kwenye benchi na matope yetu. Sitakueleza tulivyokaa.

Jumatatu tulirudi Dunda. Tuliingia hospitali watu watano, Mikdad, tukatoka sita.

Kwenye kona ya sokoni Farhan alikata usukani polepole, na sote ndani ya gari tukanyamaza tukisikiliza, bila mtu kumwambia mwenzake. Hakikusikika kitu, ila binti yako akapiga chafya.

Ni msichana. Ana paji lako la uso, na hasira zako pia, maana akicheleweshewa ziwa kidogo tu anageuza uso ukutani. Najma hajambo, anakula, amelala chumba cha Mama, na Bi Mize yuko naye mpaka arobaini itoke. Adhana alimsomea Farhan. Alinawa mara tatu kwa ajili ya matope, akasimama na mtoto, akasoma huku machozi yanamtoka, na alipomaliza akasema, "Hii nilikuwa namshikia braza tu." Jina hatujampa. Najma amekataa kabisa. Anasema atalitoa baba yake. Nimeisogeza akika mpaka siku ya kumi na nne, kwa hiyo gari la vyakula likirudi nalo lirudi na jina. Andika vizuri lisomeke.

Rimu zako zimo chini ya kitanda cha Mama, zimefungwa kwenye kanga, na mwanao amelala juu yake. Ukija utazifunga mwenyewe kwenye gari lolote utakalo, mradi wanawake wa Dunda wapande kwanza.

Nisalimie Mahfoudh na watoto wake, na wenzako wote kambini. Mama anakusalimu na anasema umevaa vibaya kwenye ile picha uliyotutumia. Batuli anakusalimu, Sufiani pia. Farhan anakusalimu na anaomba usimkasirikie. Mwenyezi Mungu akulinde na jua la huko, akurudishe ukiwa mzima, umshike huyu mikononi kabla hajaanza kutembea.

Na sasa, siku simu itakaposhika, unaweza kunipigia.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,
Mwanahija